Sanduku la kaka: shajara ya kusoma upya riwaya za upelelezi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo asubuhi nimelifungua sanduku la bati la marehemu kaka. Tangu arobaini yake lilikuwa chini ya kitanda changu, na kila nikifagia nilikuwa nalisogeza tu, silifungui. Ndani nimekuta vitabu kumi na kimoja vimefungwa kwenye magazeti, vinanuka nafthalini. Vitatu ni vya Muhammed Said Abdulla: Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Kimoja cha Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo. Vitatu vya Elvis Musiba: Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi na Njama. Vitatu vya Ben Mtobwa: Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu? na Dar es Salaam Usiku. Cha kumi na moja ni cha Kiingereza, James Hadley Chase, jalada limeng'oka.

Kwenye jalada la nyuma la kila kitabu kaka kaandika kwa penseli tarehe aliyomaliza na neno moja au mawili. Kufa na Kupona: Agosti 1983, "Moto!" Kisima cha Giningi: "Maneno mengi." Salamu Toka Kuzimu: "Joram!!!" na mstari chini yake.

Pale mtaani kwetu, hapa Tanga, kuna chumba watoto wanakwenda kujisomea jioni, na mwenye chumba ameniomba vitabu. Kutoa nitatoa. Lakini sitaki kuwapa watoto wa watu kitabu kwa sababu tu marehemu alikipenda, au kwa sababu mimi mwenyewe nilikisoma chini ya dawati nikiwa na miaka kumi na minne. Kwa hiyo nimejipa kazi: nivisome vyote upya, kwa sauti, barazani kwangu, kila Jumamosi baada ya alasiri. Nataka kujua ni kipi bado kinasimama kwa miguu yake.

Wasikilizaji wangu ni watatu. Mama mdogo, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa huku, ametimiza miaka sabini na tano. Binti wa kaka, aliyemaliza kidato cha nne. Na kijana jirani anayeendesha bodaboda, ambaye amesema atakuja akikosa abiria. Mtu akiinuka kabla sijafunga kitabu naandika ukurasa aliouinukia. Ubishi ukizuka natia alama ya mshangao pembeni. Hiyo ndiyo mizani yangu, sina nyingine.

Jumamosi, 8 Februari

Kufa na Kupona. Nimeanza nacho kwa makusudi, ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Mbio zake hazijapungua hata kidogo. Musiba hakuruhusu msomaji aende kuchota maji. Sura inakwisha mtu ameshika kitasa cha mlango, na wewe unafungua sura nyingine kabla hujajua umefungua. Yule kijana alikuja "dakika tano tu", akakaa mpaka magharibi. Wateja wawili walimpigia simu akawaambia pikipiki ina pancha. Nimeweka alama kumi na mbili za mshangao, zote zake.

Kitabu kilitoka mwaka 1974. Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, anatumwa kufuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibiwa Dar es Salaam, na mbio zinamfikisha Nairobi. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, serikali ya Ureno iliyokuwa inapigana vita Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau ilipinduliwa na wanajeshi wake wenyewe. Yaani msomaji wa kwanza wa kitabu hiki alikuwa anasikia habari hizo redioni jioni, kisha anawasha kibatari kusoma kinachofanana nazo.

Penseli yangu lakini imekwama mahali ambapo nilipokuwa msichana haikukwama kabisa. Wanawake. Kila anayeingia chumbani anapimwa kwanza kiuno, mguu, macho, halafu ndipo tunaambiwa jina. Nusu ya kitabu nilikuwa nimechoka kuweka alama. Binti wa kaka aliniuliza, kwa upole, maana anajua ni kitabu cha baba yake: "Shangazi, hawa wanawake hawana kwao?"

Nimekaa na swali hilo mpaka saa hii ya usiku. Hawana mama wa kuwasubiri, hawana dini, hawana jirani wa kuwasengenya. Gamba naye ukimtazama vizuri hana kwao. Anaishi hotelini, kwenye gari, kwenye ndege. Mimi nilikuwa binti wa mtaa wenye macho mia, labda ndiyo maana nilimpenda.

Jumamosi, 15 Februari

Kikosi cha Kisasi, kilichotoka mwaka 1979. Safari hii Gamba yuko Kinshasa. Tumesoma nusu, nusu nimemalizia mwenyewe Jumatano.

Nilikuja nimejiandaa kusema kwamba Musiba alizidisha chumvi. Makachero wa Makaburu kila kona, mabomu, wapigania uhuru wanauawa ugenini. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mama, haya yalitokea kweli au anatutisha tu?" Ikabidi nisimamishe kusoma nimsimulie.

Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Kitabu, jamani. Amílcar Cabral, kiongozi wa wapigania uhuru wa Guinea-Bissau, alipigwa risasi Conakry, Januari 1973. Herbert Chitepo wa ZANU, chama cha ukombozi wa Zimbabwe, gari lake lililipuliwa Lusaka mwezi Machi 1975. Ruth First, mpinzani wa Makaburu wa Afrika Kusini, alifungua barua yenye bomu Maputo, Agosti 1982. Na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994. Mtu aliyekuwa kijana Dar miaka ile alipishana na wakimbizi, makamanda na wapelelezi kwenye barabara moja bila kujua nani ni nani. Musiba hakuwa na haja ya kubuni hofu. Ilikuwa imejaa hewani.

Hapa ndipo nimebadilisha nilichokuwa nimeandika wiki iliyopita. Gamba mwenyewe amechakaa, na mavazi yake, na vinywaji vyake, na namna anavyotoka kwenye kila mtego. Alikuja na meli pamoja na sinema za majasusi wa Kiingereza. Mji unaomzunguka, ambao kila anayebisha hodi anaweza kuwa ndugu au mwuaji, hakuuazima kwa mtu yeyote, na ndio bado unanishika koo.

Nikumbuke na hili. Kikosi cha Kisasi ndicho nilichonyang'anywa shuleni mwaka 1988. Mwalimu alikiita takataka mbele ya darasa zima, akakirusha juu ya kabati. Kaka alikuja mwenyewe kukiomba. Wakati huo vyuoni walishaanza kuvitazama vitabu hivi kwa makini. Rajmund Ohly, mtafiti wa Kiswahili, alikuwa ametoa kitabu kizima Dar es Salaam mwaka 1981 kuhusu nathari hii ya miaka ya sabini. Mgawanyo wa riwaya dhati, zile nzito za kusomeshwa, huku na riwaya pendwa, hizi za kujiburudisha, kule ulitufikia sisi watoto kama fimbo tu. Hakuna aliyetufundisha kuuliza pendwa ipi ni nzuri na ipi ni mbovu.

Njama nimekisoma peke yangu katikati ya wiki. Sina la kuongeza juu ya viwili vya kwanza.

Hali ya kazi: vitatu kati ya kumi na kimoja.

Jumamosi, 22 Februari

Chase. Kikao kifupi. Nilikuwa nasoma Kiingereza natafsiri papo hapo, na mama mdogo akaomba radhi akaingia ndani ukurasa wa nne.

Nimekiweka kwenye hesabu kwa sababu kizazi cha kaka kilikula Chase kama njugu. Kila stendi ya vitabu vya mitumba alikuwepo. Jina lake halisi ni René Raymond, mtu wa London, na hadithi zake nyingi ni za Marekani. Alipoandika cha kwanza, kilichotoka mwaka 1939, Marekani hakuijua. Alikaa na ramani na kamusi za lugha ya mitaani ya huko. Nimelisoma hilo zamani lakini leo ndio limenigusa, kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu namna watu wa kitabu hiki wanavyozungumza wote sauti moja. Tajiri, mlevi, polisi, mwanamke wa baa: sauti moja. Mtu akisoma kimoyomoyo kwa haraka halioni. Ukisoma kwa sauti mbele ya watu unakosa hata namna ya kubadilisha koo.

Kitarudi sandukuni.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi mtukufu umeingia, kwa hiyo kikao kimehamia baada ya tarawehe, na wiki iliyopita tumeruka. Kahawa, tende, na Simu ya Kifo.

Kilitoka mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Hadithi ni ya Dar es Salaam, na mpelelezi ni ofisa wa polisi, Inspekta Wingu. Vijana hawakuona ajabu yoyote. Mama mdogo aliona. Alisema enzi zao inspekta alikuwa mzungu, na mwananchi alikuwa askari wa kusimama mlangoni. Kumpa Mwafrika kazi ya kufikiri, tena ya kuwahoji matajiri sebuleni kwao, lilikuwa jambo.

Nilidhani simu ndiyo itakayokiangusha kitabu. Wakati ule simu ilikuwa kitu cha ofisi na nyumba chache za wakubwa, ikilia nyumba nzima inashtuka. Nani leo ataogopa simu? Kijana akasema yeye anaogopa. Namba asiyoijua ikipiga usiku hapokei. Ameshatumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara nyingi, na jirani yake amelizwa akiba ya miezi mitatu na sauti ya mtu aliyejifanya mhudumu wa kampuni. Sauti usiyoiona uso, inayojua jina lako. Katalambulla angemwelewa mara moja.

Kitabu ni chepesi, watu wake wengi ni vivuli, lakini hakuna aliyeinuka.

Jumamosi, 15 Machi

Mzimu wa Watu wa Kale. Nilikihofia. Nikiwa msichana sikuwahi kukimaliza, na kaka kaandika "Kizuri, pole pole."

Kwanza, tatizo: kurasa za mwisho hazipo. Uzi umekatika na karatasi zimekwenda. Kaka alikuwa mwazimishaji mkubwa.

Kitabu kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, kikachapwa mwaka 1960. Ndicho kilichotuletea riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Mpelelezi ni Bwana Msa, na jina lake ni herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi mwenyewe. Ana kiko, ana rafiki wa kumfuata nyuma, Najum, na anafikiri kwa sauti. Yeyote aliyesoma Sherlock Holmes anajua vitu hivyo vimetoka wapi. Maiti ya Bwana Ali imekutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapeleka ubani na kuweka nadhiri, na nusu ya kijiji tayari wanajua nani aliyeua: wenyewe wa kale.

Kaka alikuwa sahihi, ni pole pole. Bwana Msa hana bastola, na hakuna gari la kukimbizana. Watu wanakaa, wanazungumza. Lakini nilipofungua mdomo kusoma, sauti zilikuja zenyewe. Mtumishi anazungumza kitumishi, bwana anazungumza kibwana, na mwanamke aliyekasirika anazungumza huku mkono uko kiunoni, unauona. Mama mdogo alikuwa akinisahihisha mkazo. "Siyo hivyo mwanangu, hapo anamkejeli." Mara tatu aliomba nirudie sentensi, si kwa kutosikia, kwa kutaka kuionja tena.

Kikao kiliisha saa tano na nusu usiku na hakuna aliyekuwa ametazama saa.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefika pale kurasa zilipokatika. Kabla ya hapo naandika yaliyobishaniwa.

Kijana alitaka kujua mtu wa miaka ile aliwezaje kuandika mazungumzo ya watu wa kila aina. Nadhani jibu liko kwenye maisha yake. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo ni kuingia nyumba za watu: ukague kisima, ukague choo, umwulize mama mwenye nyumba maswali asiyotaka kuulizwa, usikie anavyokwepa. Baadaye akaingia kwenye magazeti Unguja, na kuanzia 1958 akawa mhariri wa Mkulima kwa miaka kumi, kazi ya kumwandikia mtu wa shambani sentensi anayoielewa. Bwana Msa ni mkaguzi wa afya mwenye kiko. Anaingia, anakaribishwa, anatazama mtungi uko wapi.

Binti wa kaka alipenda jambo jingine. Kwamba Bwana Msa hawacheki wanaouogopa mzimu. Anaubomoa uongo wa mwuaji aliyejificha nyuma ya imani yao, lakini bibi aliyeleta ubani mzimuni anabaki na heshima yake. Naliona ni kweli, na ni jambo gumu kuliandika.

Udhaifu upo, nisiufiche. Abdulla alipenda mno ukoo. Mtoto wa huyu kumbe ni wa yule, ndugu wawili hawajuani, siri ya uzazi imefukiwa miaka ishirini. Tulipoanza Duniani Kuna Watu juzi ilibidi tuchore shina la ukoo kwenye boksi la sabuni, na bado tulipotea. Sadfa nazo zinamsaidia kupita kiasi.

Na kuna ukimya. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973. Mapinduzi yalikuwa yametimiza miaka tisa. Lakini ndani ya kitabu ni Unguja ileile ya mashamba, mabwana na watumishi, kama vile Januari 1964 haikupita. Binti wa kaka alikasirika: kwa nini mtu mwenye macho namna hii asiitazame nchi yake inavyobadilika? Mimi sikuwa na jibu. Mama mdogo alikuwa anakunja mkeka. Akasema, "Kaandika Unguja niliyoiacha mie nilipoolewa. Ile nyingine wameiandika wengine." Hakuongeza neno, na sisi hatukumwuliza.

Kuhusu mwisho wa Mzimu: kurasa zilipokatika, kijana alishika kichwa. Mama mdogo akamwambia akae. Alikisoma Unguja akiwa msichana, kitabu kikipita mkono kwa mkono mtaani kwao mpaka kikalainika kama kitambaa. Akatusimulia mwisho wote, nani, kwa nini, na Bwana Msa alijuaje. Ilimchukua karibu saa nzima. Aliigiza sauti zote.

Nimeagiza nakala kamili kwa mtu anayekwenda Unguja kwa ajili ya Idi.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, mvua za masika zimeanza, tumehamia sebuleni. Ben Mtobwa.

Alizaliwa Kigoma mwaka 1958, akafariki mwaka 2008. Alianza kuandika kijana sana, akaja kuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Vitabu vyake vya miaka ya themanini vimechapwa katika nchi iliyokuwa inapanga foleni ya sukari na sabuni, na karatasi inaonyesha. Salamu Toka Kuzimu inapukutika mkononi. Nageuza ukurasa kwa viganja viwili.

Joram Kiango, mpelelezi wa Mtobwa, hana mwajiri, hana chifu wa kumpigia simu usiku. Hilo linamtenga na Gamba. Serikali inamhitaji na inamshuku. Kaka alimwabudu, alitembea kama Joram, alishika sigara ambayo hakuivuta kama Joram. Nilisoma huku nikimwona mlangoni. Sikutegemea itaniuma kiasi hicho, na kikao nilikikatisha nusu saa mapema. Naandika kwa sababu nimesema nitaandika kila atakayeinuka. Leo nimeinuka mimi.

Tutarudi na Roho Zetu? nimekimaliza Jumanne. Adui ni utawala wa Makaburu, na Joram na mwanamke mwenzake, Nuru, wanamkabili. Nuru anafikiri, anaamua, anaokoa, kisha ghafla anageuzwa tena pambo. Namwona Mtobwa akijaribu kumpa mwanamke nafasi na mkono wa mazoea ukimrudisha nyuma. Joram naye anashinda kupita mipaka ya mwanadamu. Vijana walifurahi sana. Mimi sikuamini tena, na nilitamani kuamini.

Jumamosi, 12 Aprili

Dar es Salaam Usiku. Kilitoka mwaka 1990. Kaka kakimaliza 1991, na nyuma hakuandika neno, tarehe tu.

Kinahusu wanawake wanaojiuza usiku, na watu wa mji wanaowazunguka, wenye pesa na wasio na pa kulala. Nilisita kukisoma mbele ya mama mdogo. Nikapendekeza tukiruke, nikasema kina maneno ya mtaani. Akanitazama. "Soma. Hao si watoto wa watu?"

Nikasoma. Na jibu la swali la binti wa kaka la tarehe 8 Februari limo humu. Wanawake hawa wana kwao. Wametoka mahali, wana njaa iliyowatoa huko, wana wanachokiogopa asubuhi inapofika. Mtobwa aliyekuwa anamrusha Joram juu ya kila ukuta, hapa ameshuka barabarani akasikiliza. Zipo kurasa zinazohubiri, zipo sadfa, na tajiri wake ni tajiri wa sinema. Lakini sauti! Nilisoma saa mbili bila kuchoka koo kwa sababu kila mtu ana yake. Kijana wa bodaboda, anayewapakia wadada hao hao saa nane za usiku, alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akasema mmoja wao huwa anamlipa kabla ya kupanda, kila siku, na leo ndio ameelewa kwa nini.

Mtobwa mwenyewe alikiandika upya kwa Kiingereza, kikatoka Nairobi mwaka 1999. Alijua alichokishika.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mvua kutwa. Hakuna kikao, nilikuwa napanga.

Kisima cha Giningi tulikimaliza katikati ya wiki. Kaka, nakupinga. Maneno ni mengi, ndiyo, lakini ndiyo nyama yenyewe. Giningi ni jina ambalo visiwani linatajwa pamoja na wachawi na vikao vyao, na Abdulla anatuachia woga huo utambae kwa mazungumzo, si kwa damu. Nimeandika chini ya penseli yake, kwa penseli pia: "Maneno mengi, yote yana kazi."

Binti wa kaka ameniuliza mbona sandukuni hamna mwanamke hata mmoja. Nimemtafutia Mwisho wa Kosa cha Zainab Burhani, cha mwaka 1987. Si cha upelelezi, ni cha familia na mapenzi, lakini ni cha hadhira ileile na miaka ileile. Amekisoma siku tatu. Amesema hapo ndipo alipokutana na msichana mwenye mama, shangazi, mashoga na majirani. Kinaingia kwenye mradi, namba kumi na mbili.

Vya kwenda chumba cha kusomea: vitatu vya Abdulla, Simu ya Kifo, Kufa na Kupona, Mwisho wa Kosa. Katika Kufa na Kupona nitabandika karatasi yenye majina manne, Mondlane, Cabral, Chitepo, First, na tarehe zao. Dar es Salaam Usiku kwa wenye miaka kumi na minane. Sitamficha mtu kuwa kijana wa bodaboda, alipoambiwa achague kimoja aende nacho nyumbani, alichagua Tutarudi na Roho Zetu? bila kufikiri mara mbili, na ameshakirudia. Kikosi cha Kisasi nabaki nacho. Salamu Toka Kuzimu nimempa binti, ni ya baba yake.

Jumamosi, 3 Mei

Nakala kamili ya Mzimu imefika, imefungwa kwenye khanga, na pilipili manga juu yake.

Tumesoma sura za mwisho. Mwuaji ni yuleyule aliyetajwa na mama mdogo. Sababu ni ileile. Lakini njia ya Bwana Msa ya kumfikia haikuwa kama alivyotusimulia. Mama mdogo alikuwa amempa mwanamke mmoja wa pembeni neno la kumsaidia Bwana Msa, neno ambalo kitabuni hakulisema mtu. Binti aligundua kwanza, akanitazama, mimi nikaendelea kusoma.

Mama mdogo alisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaomba kitabu, akakiweka mapajani, akakifunua nyuma kidogo, mahali yule mwanamke anapotajwa. Alisoma mwenyewe, taratibu, kidole chini ya mstari.

"Hakusema," akasema.

"Hakusema, mama."

"Basi mie miaka yote namsikia."

Amekichukua kwenda nacho ndani. Chumba cha kusomea kitasubiri hicho kimoja. Nakala ya kaka, isiyo na mwisho, nimeipeleka kwa fundi wa kujalidi, na nimemwomba aache karatasi nane tupu nyuma.